Somo: Kufuatilia kisukari cha mzazi kwa simu

Wanakikundi mnaniuliza jinsi ya kufuatilia kisukari cha mzazi kwa simu. Jibu naliandika hapa mara moja tu, kwa sababu nimechoka kulitoa faraghani kila wiki.

Kwanza, mgonjwa anawe mikono kwa sabuni na aikaushe. Aliyetoka kumenya ndizi mbivu, mashine ya kupima sukari ya damu itapima ndizi.

Pili, choma pembeni mwa ncha ya kidole, kisha ingiza namba kwenye programu ya simu ya kuwekea kumbukumbu za sukari papo hapo, ukionyesha kama amekula au hajala.

Tatu, mashine na programu zitumie kizio kimoja: 126 ya mg/dL ni 7.0 ya mmol/L, yaani unagawa kwa 18.

Nne, kengele ya dawa, na hapa ndipo nilipoharibu. Baba yuko Moshi, mimi Arusha, naye humeza glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, saa mbili asubuhi pamoja na chai. Nilipomtembelea niliandika 2:00 kwenye simu yake, nikisahau kwamba simu haihesabu saa kama sisi. Ikalia saa nane usiku, naye mzee, ambaye huitii simu kuliko anavyonitii mimi, akameza kidonge tumbo tupu na kurudi kulala. Alfajiri mama alimkuta anatetemeka, shuka limelowa jasho, na mashine ikasoma 3.1 mmol/L, yaani sukari ilikuwa imeshuka mno. Alimnywesha maji ya sukari, akampima tena baada ya dakika 15. Basi tumia mfumo wa saa 24: saa mbili asubuhi ni 08:00, saa mbili usiku ni 20:00, na kwenye kengele yenyewe andika "Chai kwanza".

Tano, siku ya kliniki mwonyeshe daktari kumbukumbu zote, hata zile mbaya.

Mwanachama kutoka Sakina: Sukari ya mama imesoma 180 mg/dL. Nimwongezee dozi?

Jibu: Hukusema kama alikuwa amekula, rudi hatua ya pili. Dozi hubadilishwa na daktari wake, si mimi wala simu.

Mwanachama kutoka Pasua: Bibi anatumia kitochi. Je, ataachwa nje?

Jibu: Hapana, na mfikishie shikamoo yangu. Kitochi kina kengele. Akishapima akupigie akusomee namba, nawe uiingize kwenye programu yako. Abaki pia na daftari, maana simu huzima.

Mwanachama kutoka Njiro: Stripu zangu, vile vipande vya kuwekea tone la damu, naziweka kwenye friji. Ni sawa?

Jibu: Si sawa, kwa kuwa unyevu huziharibu, zikae ndani ya kichupa chake kilichofungwa, mbali na jua. Insulini ambayo haijafunguliwa ndiyo ya friji, na asiye na friji aifunge kwenye mfuko usioingiza maji, kisha aiweke ndani ya chungu cha udongo kilicholoweshwa, kivulini.