Anza na ndoo na kopo: kumrudishia mgonjwa wa akili kazi zake akiwa wodini

Zamu ya asubuhi naianzia bombani, si kwenye mafaili. Faili litaniambia mgonjwa alimeza haloperidoli, dawa ya ugonjwa wa akili, jana usiku. Bomba litaniambia kama leo amekumbuka taulo. Kama wewe ni nesi mpya wa wodi ya afya ya akili, au ndugu uliyepanda daladala kutoka Mbagala kuja kumwangalia mtu wako, anzia hapo.

Kwanza nikiri kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza tulikuwa na mama mmoja aliyelala siku nyingi bila kusema neno. Madaktari wanapita raundi saa tatu, na sisi tuko wawili kwa wodi nzima. Tukamshika, tukamwogesha, tukamvika gauni, hata nywele tukamsuka. Alipendeza kweli. Basi ikawa kila siku hivyo. Wiki ya kuruhusiwa ilipofika, bado alikuwa anakaa kitandani akisubiri kuvuliwa. Mwanawe akaniuliza, "Sista, mama anaoga mwenyewe?" Nikatazama chini. Kwao hakuna manesi wawili wa kumshika mikono.

Siku hizi kuoga nakugawa vipande vipande. Naweka ndoo, kopo, kipande cha sabuni na kanga pale anapoviona. Namsalimu kama ninavyomsalimu mtu yeyote wa rika lake: "Shikamoo mama. Maji haya hapa. Chukua kopo." Halafu nanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, hasa ukiwa na sindano sita zinakusubiri. Lakini mtu mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya asikie sauti zisizokuwepo, au aliyelemewa na sonona, neno huchukua muda kumfikia. Ukimwambia "chukua kopo" mara tano mfululizo, umemwongezea sauti nyingine juu ya zile anazozisikia. Akishika kopo, ndipo nasema la pili. Kesho kopo atalishika bila kuambiwa, nami naanzia kwenye sabuni.

Dorothea Orem, muuguzi wa Marekani, alipanga kazi yetu kwa ngazi tatu: kumfanyia yote, kusaidiana naye, kisha kumfundisha na kumtia moyo. Chuoni tulizikariri. Kasheshe ni kujua leo yuko ngazi ipi, maana aliyeoga mwenyewe Jumatatu anaweza kushindwa na kifungo cha shati Jumatano. Usimnunie. Rudi ngazi moja, kesho jaribu tena.

Na kabla hujaandika "mgonjwa mvivu" au "anakataa kula", tazama mikono yake. Tulikuwa na kaka aliyeacha uji kila asubuhi. Zamu tatu ziliandika anakataa chakula. Siku moja nikakaa naye kwenye benchi nikaona kijiko kinatetemeka, uji unamwagika kifuani kabla haujafika mdomoni. Alikuwa anaona aibu mbele ya wenzake. Nikampa uji kwenye kikombe chenye mkono, nusu tu, akanywa wote. Mikono kutetemeka, mwili kukakamaa, mate kutiririka: dawa kama haloperidoli zinaweza kuleta hayo yote, na daktari ana namna ya kurekebisha akiambiwa. Hata yule anayezunguka wodi nzima hawezi kukaa chini, usikimbilie kumwona mkorofi. Huenda ni dawa inamsumbua miguuni.

Joto letu nalo liangalie, hasa Januari hadi Machi. Anayetumia klorpromazini ngozi yake huungua jua upesi, kwa hiyo benchi lake liwe kivulini. Anayetumia lithiamu anywe maji ya kutosha, wala asiache chumvi ghafla. Akianza kutapika, kuharisha, kutetemeka sana au kuyumba, mwite daktari saa hiyohiyo, na usimpe dozi inayofuata kabla hajasema.

Wembe unatoka kwa hesabu na unarudi kwa hesabu, nawe umesimama hapo. Mwenye mawazo ya kujiua haachwi peke yake, bafuni hata chooni. Hilo halina mjadala.

Ndugu nao wana sehemu yao. Mletee kanga zake mwenyewe, mbili, umuulize leo anataka ipi. Swali dogo hilo ni kazi tosha kwa mtu ambaye kwa wiki nzima ameamuliwa kila kitu. Dawa msingoje siku ya kuondoka. Siku kadhaa kabla, mgonjwa azishike mkononi akuoneshe hii ni ya asubuhi, hii ya usiku, na tarehe ya kliniki aitaje mwenyewe. Akikosea, bado mko wodini, mnarudia.

Mwezi uliopita mzee mmoja, ambaye kwa siku nyingi nilikuwa nikimshikia kopo, alinyoosha mkono akalichukua. Akanitazama.

"We binti, toka nje. Naoga."

"Sawa, baba. Nipo hapa mlangoni."

Nikaurudisha mlango bila kuufunga, nikasimama nikisikiliza kopo linavyogonga ndoo.