Usaili wa Amazon: acha "tulifanya"

Mnaoomba kazi Amazon, jambo moja. Sisi tumelelewa kusema "tulifanya", hata kama kazi uliibeba peke yako usiku kucha, maana kujisifu ni aibu. Kwenye usaili wao adabu hiyo itakuponza. Ukisema "tulirekebisha mfumo", msaili atauliza: wewe hasa ulifanya nini? Kwa hiyo zoea mapema: niliandika, nilimkatalia bosi, nilikosea. Mwanzoni ulimi utakuwa mzito, jizoeze kwa sauti.

Maswali mengi huanza na "nieleze wakati ambapo...", na yamefungwa kwenye kanuni 16 za uongozi zilizopo wazi kwenye tovuti yao (zilikuwa 14 hadi 2021). Usizikariri kama shairi. Andaa visa vinane hivi vya kweli: hali ilikuwaje, ulitakiwa ufanye nini, ukafanya nini, matokeo yakawaje. Hicho cha tatu, yaani ulichofanya wewe, ndicho ukipe muda. Matokeo yawe na namba, mfano ukurasa uliofunguka kwa sekunde 9 ukashuka hadi 2. Kisa kimoja kiwe cha kushindwa, tena kushindwa kwelikweli, si ule uongo wa "tatizo langu nachapa kazi kupita kiasi".

Halafu, mmoja wa wasaili hutoka nje ya timu inayoajiri, na kauli yake ni nzito. Huyo huchimba. Akiuliza "kwa nini" mara ya nne usidhani umemkera. Jibu tu, na kama namba huikumbuki, sema huikumbuki.