Kabla hujafuta Windows iliyokuja na laptopu mpya

Usikubali kuuziwa namba ya leseni kwa sababu tu unataka kuweka Windows safi. Tangu Windows 8, laptopu nyingi zinazouzwa na Windows hubeba leseni ndani ya ubao mama wenyewe. Weka toleo lilelile, Home kwa Home, na ikipata intaneti itaitambua leseni hiyo yenyewe. Ukiweka Pro, leseni hiyo haikusaidii kitu.

Faili za usakinishaji ziko bure kwenye tovuti ya Microsoft. Flashi ya kuziwekea iwe ya GB 8 au zaidi, na itafutwa yote.

Wengi hukwama kwenye draiva, yaani programu ndogo zinazoiwezesha Windows kutumia vifaa vya laptopu. Windows 11 hudai intaneti katikati ya usakinishaji, na laptopu nyingi nyembamba hazina hata tundu la kebo ya intaneti. Basi pakua mapema draiva ya Wi-Fi ya modeli yako, pamoja na ile ya Intel RST (draiva ya diski kwa mashine za Intel), uzitie kwenye flashi zikiwa zimeshafunguliwa, si faili la exe. Bila hiyo RST, baadhi ya mashine za Intel huonyesha orodha ya diski ikiwa tupu kabisa, na mtu anaanza kulaani duka. Diski ni nzima. Ielekeze tu Windows kwenye draiva hiyo iliyo kwenye flashi.