Simu za mezani za intaneti ofisini: mtandao kwanza, akaunti baadaye

Simu ya intaneti hutumia njia mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza hubeba maagizo: piga, lia, pokea, kata. Hiyo ni kazi ya itifaki ya SIP, ambayo kwa kawaida hutumia poti 5060, au 5061 ikisimbwa kwa TLS. Ya pili hubeba sauti yenyewe kwa itifaki ya RTP juu ya UDP (njia ya kutuma pakiti bila kusubiri uthibitisho), kwenye poti ambazo simu na seva hutajiana ndani ya ujumbe wa SIP. Si lazima njia hizi zipite mahali pamoja, na ndiyo maana simu huweza kulia, ikapokelewa, kisha pakawa kimya. Asiyejua hili atashinda akibadilisha nenosiri ambalo halina kosa lolote.

Umeme na kebo

Swichi ya mtandao yenye PoE (umeme unaopita kwenye kebo ya mtandao) ya kiwango cha 802.3af hutoa hadi wati 15.4 kwa kila poti, na simu huhakikishiwa wati 12.95 baada ya kinachopotea kwenye kebo. Hiyo inatosha kwa simu nyingi. Zenye kamera, kioo kikubwa au ubao wa vitufe vya ziada huweza kudai 802.3at, kiwango chenye nguvu zaidi. Kabla ya kununua, soma bajeti ya swichi nzima, si ya poti moja tu: swichi ya poti 24 yenye bajeti ya wati 190 haifikishi hata wati 8 kwa kila poti zikijaa zote. Dalili yake ni simu chache za mwisho kukataa kuwaka, au kujizima na kuwaka upya. Kebo isizidi mita 100 kutoka swichi hadi simu.

Nyuma ya simu kuna matundu mawili: moja la swichi, jingine la kompyuta. Ukiyageuza, simu haipati umeme. Ukiyachomeka yote mawili kwenye swichi umetengeneza mzunguko, na swichi isiyo na kinga yake itazamisha mtandao wa ofisi nzima. Angalia pia kasi ya tundu la kompyuta: simu ya megabiti 100 huipunguza kompyuta iliyo nyuma yake hadi kasi hiyohiyo.

VLAN, anwani na saa

Ipe sauti VLAN yake (mtandao uliotengwa ndani ya swichi hiyohiyo), tuseme namba 20. Poti ya swichi hubeba VLAN ya kompyuta bila lebo na ya sauti ikiwa na lebo ya 802.1Q, hivyo kebo moja hutosha kwa meza moja. Washa LLDP-MED kwenye swichi ili simu iambiwe namba ya VLAN yenyewe. Bila hiyo utaiandika kwa mkono kwenye kila simu, na siku moja utakosea. Simu ikipata anwani ya safu ya kompyuta, anza kwa kukagua LLDP-MED kwenye poti hiyo. Isipopata anwani kabisa, huenda VLAN ya sauti haina DHCP, huduma inayogawa anwani.

DHCP hiyohiyo inaweza kuielekeza simu kwenye seva ya mipangilio kupitia chaguo la 66 na kwenye seva ya saa kupitia chaguo la 42. Usiidharau saa. Simu isiyojua leo ni tarehe ngapi itakikataa cheti cha TLS kwa madai kwamba bado hakijaanza kutumika, nawe utadhani seva imeharibika. Mipangilio ipakuliwe kwa HTTPS: TFTP, njia ya zamani ya kupakua faili, haisimbi chochote, na faili hilo limebeba nenosiri la kila akaunti.

Akaunti na kodeki

Sasa jaza jina la mtumiaji, jina la uthibitisho kama ni tofauti, nenosiri na anwani ya seva. Ukisoma kumbukumbu za usajili utaona jibu la 401 mwanzoni. Si kosa, ni seva inaomba uthibitisho. Likijirudia bila kufika 200 (imekubaliwa), au likija 403, kagua nenosiri na jina la uthibitisho. 408 au ukimya humaanisha ujumbe haufiki au jibu halirudi, na hapo tatizo ni la mtandao.

Kodeki ni njia ya kugeuza sauti kuwa data. G.711 hutumia kilobiti 64 kwa sekunde za sauti tupu. Pakiti za milisekunde 20 pamoja na vichwa vyake kwenye Ethernet hufikisha takriban kilobiti 87 kila upande, kwa hiyo mazungumzo 10 ya pamoja yanataka kama kilobiti 870 za kupakia na nyingine kama hizo za kupakua. G.729 hushuka hadi kama 31, lakini sauti hupungua uzuri. G.722 hula sawa na G.711 na hubeba masafa hadi karibu hertz 7,000 badala ya 3,400. Ndani ya ofisi iweke G.722 mwanzoni mwa orodha. Pande mbili zisipokuwa na kodeki ya pamoja, simu hukatika kwa jibu la 488.

Tarakimu zinazobonyezwa katikati ya mazungumzo zitumwe kwa RFC 4733, ambayo menyu nyingi bado huiita 2833. Zikisafiri ndani ya sauti, G.729 huziharibu na mitambo ya “bonyeza moja” haizielewi.

Simu izitie pakiti za sauti alama ya kipaumbele ya DSCP 46, na swichi na ruta ziamriwe kuiheshimu, la sivyo alama ni pambo tu. Msongamano mara nyingi huwa kwenye upande wa kupakia wa ruta: weka kikomo kidogo chini ya kasi halisi, kama asilimia 90, ili foleni ijipange kwako, mahali unapoweza kuitanguliza sauti.

Ruta inapovuruga

Zima SIP ALG, kipengele cha ruta. Kazi yake ni kurekebisha anwani ndani ya ujumbe wa SIP, na mara nyingi huzikoroga. Kisha weka ujumbe wa kuamsha kila sekunde 20 hadi 25, kwa sababu ruta nyingi hufunga njia ya UDP iliyokaa kimya kwa muda mfupi. Dalili: simu inapiga nje vizuri, lakini baada ya dakika chache haipokei.

Simu inayokatika karibu na sekunde 32 kila mara ina maana ujumbe wa ACK, wa kuthibitisha kuwa simu imepokelewa, haukufika. Tafuta anwani ya ndani iliyovuja kwenye SIP. Sauti ya upande mmoja hutokana na anwani hiyohiyo kuvuja kwenye maelezo ya sauti, au faya-woli kuziba poti za RTP. Usifungue 5060 kwa dunia nzima. Simu hujisajili kutoka ndani kwenda nje, haihitaji kufunguliwa mlango, na wezi wa dakika huipekua poti hiyo usiku na mchana.

Ukiwasha SRTP, yaani RTP iliyosimbwa, washa na TLS. Kwa njia ya kawaida ufunguo wa SRTP husafiri ndani ya SIP, hivyo bila TLS umefunga mlango na kuacha ufunguo kwenye kitasa.

Taa zinazoonyesha nani yuko kwenye simu huhitaji simu ijiandikishe kwa seva kwa SUBSCRIBE, nayo seva ijibu kwa NOTIFY kila hali inapobadilika. Zikiganda, kagua kama namba ndogo (ya ndani ya ofisi) imeandikwa sawasawa na seva inaruhusu kufuatiliwa. Kuhamisha simu hutumia REFER. Wafundishe watumiaji tofauti ya kuhamisha moja kwa moja na kuhamisha baada ya kuongea na mpokeaji, maana malalamiko mengi ya “simu imepotea” huzaliwa hapo.

Jaribu wakati ofisi imejaa na mtu anapakia faili kubwa. Fungua ukurasa wa hali wa simu katikati ya mazungumzo: pakiti zilizopotea ziwe chini ya asilimia 1, myumbo (tofauti ya muda wa kufika kwa pakiti) chini ya milisekunde 30, ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi 150. Namba zikiwa mbaya saa hiyo tu, rudi kwenye kikomo cha kupakia kabla ya kugusa simu.