Kabla hujachimba bwawa, mjue kwanza kambamiti anavyoishi

Wafugaji wenzangu, watu wengi wanakimbilia kuchimba bwawa hata hawajamjua kambamiti mwenyewe, wakipata hasara lawama zote kwa chakula. Hapa namzungumzia yule mkubwa wa milia, Penaeus monodon, anayepatikana kuanzia pwani ya Afrika Mashariki mpaka Australia.

Huyu maisha yake ni ya kuhamahama. Jike anataga huko baharini kwenye chumvi kamili, mayai 200,000 mpaka 700,000 kwa mkupuo, yanaanguliwa ndani ya kama saa 12 hadi 15, kifaranga mwanzoni hali kitu anategemea kiini alichotoka nacho, halafu anaanza vimea vidogo vya majini, baadae vidudu, na ndani ya kama wiki mbili ashakuwa na umbo la kamba, ndo maji kujaa yanamsogeza mpaka kwenye mikoko. Hapo matopeni ndo anakulia, penye maji vuguvugu yaliyochanganyika na ya mto, akikaribia kupevuka anarudi kilindini.

Kwa hiyo bwawa lako linashika nafasi ya mikoko, sio ya bahari kuu. Chumvi gramu 10 hadi 25 kwa lita inamfaa sana, joto nyuzi 28 hadi 32. Mchana anajifukia chini, sasa sakafu ikiwa na tope jeusi linalonuka yai viza ujue analala kwenye sumu. Usiku ndo anatembea kutafuta chakula, hivyo sehemu kubwa ya chakula mpe jioni na usiku.

Tumia sinia la kukagulia, yaani unaweka chakula kidogo kwenye sinia na kulizamisha bwawani, linyanyue baada ya kama saa mbili, chakula kikibaki punguza. Halafu mshike mmoja umuangalie kwenye mwanga, utaona mstari mweusi umepita mgongoni, huo ni utumbo: ukiwa umejaa mfululizo anakula vizuri, ukiwa umekatikakatika au mtupu anza kutafuta tatizo siku hiyohiyo. Akijivua gamba anakuwa laini na wenzake wanamla, so usiwajaze kupita kiasi na siku hizo usivute nyavu.

Na jamani mikoko msikate! Udongo wake mara nyingi una salfa, ukiufukua ukapata hewa unatoa asidi, pH (kipimo cha ukali wa asidi majini) inashuka, utamwaga chokaa kila msimu na bado gamba halikazi vizuri, tena unakuwa umeharibu makuzi ya kamba wa porini. Chimba nyuma yake, juu ya usawa wa maji kujaa.

Ugonjwa wa madoa meupe ni virusi, na kaa anaweza kuubeba. Chuja maji yanayoingia, zuia kaa kwa wavu, nunua vifaranga waliopimwa.

Alfajiri pitia ukingoni, ukiwakuta wanaelea juu pembeni oksijeni imepungua, washa mashine ya hewa hapohapo na usiwalishe mpaka warudi chini.