Niasinamaidi kwa madoa ya chunusi: ninavyowaanzishia wateja wangu

Wateja wanaoingia saluni kwangu hapa Kampala karibu wote huanza na swali moja: "Dada, hii itanifanya mweupe?" Hapana. Niasinamaidi ni aina ya vitamini B3, na haichubui. Inapunguza rangi inayosafirishwa kutoka kwenye seli zinazoitengeneza kwenda seli za juu, kwa hiyo doa lililoachwa na chunusi hufifia na uso wako unabaki na rangi yake. Pia huimarisha ngozi ili isipoteze maji ovyo, na kwa wengi hupunguza mafuta ya paji na pua.

Hatua ya 1: Soma chupa ya seramu, yaani maji mepesi ya kupaka usoni yenye niasinamaidi. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi. Vilivyo chini ya asilimia 1 ndivyo hupangwa vyovyote. Ujanja wangu ni huu: tafuta "Phenoxyethanol", kihifadhi ambacho kwa kawaida hakizidi asilimia 1. Ukikuta "Niacinamide" imeandikwa baada yake, hapo umeuziwa jina tu. Chukua ya asilimia 4 au 5. Zile za 10 zimejaa madukani, lakini mimi sioni haja ya kuzikimbilia.

Hatua ya 2: Ijaribu kwanza. Tone moja chini ya taya, usiku, siku tatu mfululizo. Ngozi nyeusi haionyeshi wekundu kirahisi, basi usitegemee kioo: sikilizia joto, muwasho, au ngozi kukaza.

Niliwahi kuiruka hatua hii kwa mama mmoja aliyekuwa ameacha mkorogo juzi tu. Nikampaka ya asilimia 10 uso mzima. Hata sijafunga chupa, anaomba maji, uso unawaka. Kosa lilikuwa langu. Siku hizi ngozi ya namna hiyo naipa losheni isiyo na manukato peke yake kwa wiki kadhaa, na ikiwa krimu aliyokuwa akipaka ilikuwa na dawa kali, namtuma kwa daktari wa ngozi kabla sijamgusa.

Hatua ya 3: Paka. Nawa, jikaushe kwa kugusagusa taulo, usisugue. Matone mawili au matatu yanatosha uso na shingo. Hesabu hadi 60 ndipo upake losheni. Ukiona inajiviringa kama makombo ya kifutio, umezidisha au una haraka. Mafuta mazito, kama shea ya kaskazini, yaje mwisho. Yakitangulia, seramu ya maji haipenyi vizuri.

Hatua ya 4: Jua. Ikweta inapita pale Kayabwe, barabara ya Masaka. Huku kwetu hakuna msimu wa jua dogo. Bila krimu ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi, mchana unarudisha doa ulilofifisha usiku. Nina mteja mwendesha boda: madoa ya paji, yanayofunikwa na helmeti, yaliondoka mapema, ya mashavuni yakagoma mpaka alipokubali kupaka krimu hiyo kila asubuhi.

Hatua ya 5: Subiri. Wiki 8 hadi 12. Piga picha mahali pamoja, saa ile ile, kila baada ya wiki mbili, maana macho husahau. Na kama chunusi imekuachia shimo badala ya doa, usipoteze pesa kwa seramu hii, haitalijaza.