Ziwa Likigeuka Kijani: Mwongozo kwa Opereta wa Mtambo wa Maji

Juzi kijana wa zamu kwenye mtambo mdogo kando ya Ziwa Victoria alinipigia simu akiwa amechoka. Maji yanaingia kijani, shabu (dawa inayokusanya uchafu wa maji) stoo inaelekea kwisha, chujio zinaziba kabla zamu haijaisha, na bado maji yanatoka na ukungu. Niliyomwelekeza nayaandika hapa kwa wenzetu wa Musoma, Bukoba, Mwanza, Homa Bay na Kisumu. Mbolea na majitaka yanayoshushwa ziwani na mito hayatakoma mwaka huu, kwa hiyo opereta anapambana na kile kinachofika dakioni kwake, yaani pale mtambo unapovuta maji ziwani. Kusoma pH (kipimo cha uasidi wa maji) na kuosha chujio sitaeleza, hayo mnayajua.

Kinachogeuza maji kijani ni mwani, viumbe vidogo vinavyoelea majini. Shikeni jambo moja tu: seli ya mwani iondolewe ikiwa nzima. Sumu nyingi, hasa maikrosistini inayoshambulia ini, hukaa ndani ya seli hai. Seli ikitoka, sumu hutoka nayo. Ikipasuka, sumu inayeyuka majini, na hapo shabu haiikamati wala mchanga hauizuii.

Hatua ya 1: Jua ni mwani gani

Chota maji kwenye chupa ya kioo, jaza robo tatu, funika, weka mahali pa baridi pasipotikiswa mpaka kesho yake. Kijani kikipanda juu na kutengeneza utando, yaelekea hao ni sayanobakteria, bakteria wa kijani wanaohesabiwa pamoja na mwani na ndio wenye sumu hizi, kwa kuwa wana vifuko vya hewa vya kuwafanya waelee. Kikizama, huenda ni mwani wa kawaida.

Kisha hadubini. Kama bajeti inaruhusu kifaa kimoja tu, nunua hadubini, achana na mashine za kidijitali ambazo kipuri chake kikiharibika kinasubiriwa kutoka ng'ambo. Microcystis utaiona kama vidoa vya duara vilivyojikusanya ndani ya ute. Dolichospermum ni mnyororo wa shanga. Ila hadubini haikuambii kama kuna sumu, maana aina hiyohiyo ya mwani inaweza kuwa nayo au isiwe nayo. Harufu ya udongo nayo si kipimo: maji yanaweza kunuka yasiwe na sumu, na yenye sumu yasinuke chochote.

Hatua ya 2: Chagua saa ya kusukuma maji

Usiku wa utulivu mwani hupanda, na alfajiri unaukuta umetanda juu kama rangi iliyomwagika. Saa hizo maji ya kina cha kati ndiyo bora, kama dakio lako lina milango ya vina tofauti. Usishuke hadi chini kabisa, huko hewa ya oksijeni ni haba na utavuta chuma na manganizi. Mchana upepo wa ziwani unachanganya kila kitu na kuusukuma mwani ufukweni; kwenye ghuba yenye kina kifupi, kubadilisha kina wakati huo hakusaidii. Jaza matanki saa ambazo maji ni mazuri, punguza pampu saa mbaya.

Hatua ya 3: Funga klorini ya mwanzo

Ifunge leo, kabla ya kumaliza kusoma. Mitambo mingi hutia klorini pale maji yanapoingia ili mabomba na kuta zisiote utelezi. Msimu wa mwani, klorini hiyo inapasua seli na kumwaga sumu yote mbele ya chujio zako.

Hapohapo niseme kuhusu mrututu (salfeti ya shaba), maana kuna mtu ataupendekeza. Mwaka 1979 kwenye kisiwa cha Palm, Australia, bwawa la maji ya kunywa lilitiwa mrututu kuua mwani. Siku chache baadaye watu 148, wengi wao watoto, walilazwa hospitali. Mimi siutaki kabisa karibu na dakio wakati mwani umeshatanda.

Hatua ya 4: Jaribio la mitungi, na pH inayokimbia

Hapa ndipo kijana wetu alipokwama, na ndipo wengi hukwama.

Asubuhi alifanya jaribio la mitungi sita kama alivyofundishwa: kila mtungi na dozi yake ya shabu, kuona ipi inakusanya uchafu kuwa mabonge yanayozama. Mabonge mazuri, yanazama upesi, dozi ikaandikwa ubaoni. Baada ya chakula cha mchana mabonge yakawa vumbi linaloelea. Akaongeza shabu, hali ileile. Akaongeza tena. Akachukua sampuli ya mchana, akaiacha mezani aipime jioni. Jioni dozi ya asubuhi ikafanya kazi vizuri kabisa ndani ya mtungi, huku tankini bado vurugu. Akaanza kushuku shabu mbovu, kisha pampu ya dozi, kisha mtu wa zamu iliyopita.

Hakuna kilichoharibika. Jua likiwaka, mwani hunyonya kaboni dayoksaidi kutoka majini, na pH inapanda. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, hayana uwezo mkubwa wa kuzuia mabadiliko hayo, kwa hiyo pH ya asubuhi iliyo karibu na 7.5 inaweza kupita 9 mchana. Shabu hufanya kazi vizuri kati ya takriban 6 na 7.5. Ikizidi hapo mabonge yanakuwa dhaifu, na sehemu ya aluminiamu inabaki imeyeyuka na kwenda hadi kwa mteja. Usiku mwani unapumua, kaboni dayoksaidi inarudi, pH inashuka. Sampuli iliyoachwa mezani gizani inafanya vivyo hivyo, ndiyo maana mtungi wa jioni ulimdanganya.

Kwa hiyo:

- Pima pH ya maji yanayoingia kila saa moja kuanzia alfajiri hadi jua linapozama, ukianza siku ya kwanza ya kijani.
- Fanya majaribio mawili kwa siku, la alfajiri na la saa nane mchana. Sampuli ikifika, anza papo hapo. Ubaoni ziwe dozi mbili, kila moja na saa yake.
- Pima pH ndani ya mtungi baada ya kutia shabu. Namba hiyo ndiyo inayoamua. Ikiwa bado juu ya 7.5, tia asidi kama mtambo una mfumo salama wa kuitia. Kama hauna, shabu ya ziada itashusha pH, lakini ongeza kwa kufuata mitungi, usikisie.
- Usichague mtungi kwa macho tu. Chota maji ya juu, angalia tone chini ya hadubini. Nimeona mtungi unaong'aa ukiwa na makundi ya Microcystis yanayoelea.
- Punguza kasi ya kukoroga, na usirushe maji kutoka juu kama maporomoko. Mbali na kuvunja mabonge, viputo vya hewa vinayapandisha.

Ningekuwa na sauti kwenye manunuzi, stoo ingekuwa na polialuminiamu kloridi, dawa nyingine ya kukusanya uchafu, kwa msimu huu. Ni ghali, lakini inavumilia pH pana kuliko shabu, na opereta anapata nafasi ya kulala.

Hatua ya 5: Tope

Toa tope kila siku. Likikaa tankini seli zinakufa na kumwaga sumu humohumo. Maji ya kuoshea chujio yasirudishwe mwanzo wa mtambo.

Hatua ya 6: Mkaa amilifu wa unga

Huu ni wa sumu iliyokwisha kuyeyuka. Chukua uliotengenezwa kwa miti; vitundu vyake vya ukubwa wa kati vinaishika maikrosistini vizuri kuliko mikaa mingi ya vifuu vya nazi. Mitungini anza na miligramu 20 kwa lita, kisha uongeze. Uupe muda wa kugusana na maji, angalau nusu saa, na usiutie sehemu moja na klorini, kwa sababu vitaharibiana.

Hatua ya 7: Klorini ya mwisho

Baada ya chujio, klorini ni rafiki tena. Klorini huru ibaki angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 30, na pH iwe chini ya 8. Juu ya hapo inaivunja maikrosistini polepole mno. Kumbuka pia kuwa klorini haifai kitu kwa anatoksini, sumu nyingine ya mwani hawa.

Hatua ya 8: Pima, halafu sema

Sampuli ya sumu iwekwe kwenye chupa ya kioo. Ya maji yaliyotibiwa itiwe sodiamu thiosalfeti mara moja, la sivyo klorini inaendelea kula sumu njiani na maabara itakuletea jibu zuri lisilo la kweli. Ya maji ghafi igandishwe na kuyeyushwa mara tatu ili seli zipasuke na upate sumu yote.

Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 1 ya maikrosistini kwa lita kwa maji ya kunywa maisha yote, na 12 kwa muda mfupi. Ikizidi, wa kwanza kupigiwa simu ni hospitali zinazosafisha damu ya wagonjwa wa figo, kwa kuwa kwao maji hukutana na damu moja kwa moja. Caruaru, Brazil, mwaka 1996, zaidi ya wagonjwa 50 walikufa kwa njia hiyo.

Kwa wananchi, tangazo liseme wazi: msinywe, na msichemshe. Kuchemsha hakuondoi sumu hii. Maji yanapungua sufuriani, sumu inabaki. Mama aliyezoea kuambiwa "chemsha" tangu kipindupindu atachemsha tu asipoambiwa kinyume. Toledo, Marekani, Agosti 2014, karibu watu nusu milioni walipewa onyo hilihili.

Ziwa likianza kusafika, usizime mkaa siku hiyo. Mwani unaokufa ndio unaomwaga sumu nyingi majini, na maji yanaweza kuonekana meupe huku kipimo kikipanda. Endelea na mkaa hadi sampuli mbili mfululizo zitoke chini ya 1, kisha ndipo urudishe klorini ya mwanzo, kama kweli unaihitaji.